RAM ipi itaikubali kompyuta yako? Kizazi, umbo, chipu, ujazo na kasi vikilinganishwa

Wanunuzi wengi wa RAM huanza na namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi: 3200, 3600, 6000. Namba hiyo ndiyo ya kuangaliwa mwisho. RAM yenye kasi kuliko ubao mama haina madhara, itashuka na kwenda kwa mwendo wa ubao. Lakini RAM ya kizazi kingine haiingii kwenye sloti, ya umbo lingine haienei, ya volti nyingine huikatalia mashine kuwaka, na yenye chipu ambazo kidhibiti cha memori (sehemu ya mashine inayoiongoza RAM) hakiwezi kuzisoma huonekana nusu au haionekani kabisa. Ndiyo maana hapa tunaanza na kizazi na umbo, tunapita kwenye volti na chipu, kisha idadi ya vipande na ujazo, na kasi tunaiacha nyuma.

## Soma kwanza kilichomo ndani

Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia Performance, halafu Memory. Utaona kasi inayotumika, idadi ya sloti zilizojaa, na umbo. Sehemu ya umbo ikiandika "DIMM" una RAM ya kompyuta ya mezani, ikiandika "SODIMM" una ile fupi ya laptopu. Ikiandika "Row of chips", simama hapo: memori imechomelewa kwenye ubao. Usidanganywe na idadi ya sloti katika laptopu za namna hiyo, kwa kuwa baadhi huhesabu chipu zilizochomelewa kana kwamba ni sloti, na hata zikiandika sloti nane hakuna pa kuchomeka kitu.

Kwenye Linux amri ni `sudo dmidecode -t memory`. Inatoa namba ya bidhaa ya kila kipande, sloti kiliko, kasi kilichopangiwa na, juu kabisa, ujazo wa juu unaokubalika. Namba hiyo ya ujazo wa juu huandikwa na mtengenezaji ndani ya BIOS (programu ya ubao inayoiwasha kompyuta) na mara nyingine si sahihi, kwa hiyo ithibitishe kwa ukurasa wa ubao mama wenyewe kabla ya kuiamini.

Njia ya uhakika zaidi ni kufungua kompyuta na kusoma karatasi iliyobandikwa kwenye RAM. Chukua mfano wa maandishi haya:

8GB 1Rx8 PC4-2666V-UA2-11

8GB ni ujazo. 1R maana yake chipu zimepangwa katika safu moja, 2R ni safu mbili. x8 ni upana wa kila chipu kwa biti. PC4 ni kizazi cha DDR4 (PC3 ni DDR3, PC3L ni DDR3 ya volti ndogo, PC5 ni DDR5). 2666 ni kasi. V ni daraja la ucheleweshaji, na kwa DDR4 ya kasi hiyo ni CL19. Herufi inayofuata baada ya kistari ndiyo inayookoa watu: U ni RAM ya kawaida ya mezani, S ni ya laptopu, E ni yenye kusahihisha makosa isiyo na rejista (chipu ya kati inayopokea na kupitisha ishara), na R ni ya seva. Ukiona R, rudisha rafuni.

Kwenye DDR3, na kwenye baadhi ya maboksi ya DDR4, namba inayoandikwa si kasi bali megabaiti kwa sekunde: PC3-12800 au PC4-25600. Igawe kwa 8 upate kasi. 12800 kugawa kwa 8 ni 1600, na 25600 ni 3200. Ni RAM ileile kwa majina mawili.

## DDR3, DDR4, DDR5: hapa huchagui wewe, ubao mama umeshachagua

| | DDR3 | DDR4 | DDR5 |
|---|---|---|---|
| Pini, kompyuta ya mezani | 240 | 288 | 288 |
| Pini, laptopu | 204 | 260 | 262 |
| Volti za kiwango | 1.5 (DDR3L 1.35) | 1.2 | 1.1 |
| Kasi utakazokutana nazo | 1066 hadi 1866 | 2133 hadi 3200, na 3600 kwa XMP (kasi ya ziada inayowashwa kwenye BIOS) | 4800 na kupanda |
| Ujazo wa kipande kimoja cha nyumbani | kwa kawaida hadi 8 GB | hadi 32 GB | 8, 16, 24, 32, 48 na hata 64 GB |
| Mwaka JEDEC (shirika la viwango vya memori) ilipotoa kiwango | 2007 | 2012 | 2020 |

DDR4 na DDR5 za mezani zote zina pini 288, na hapo ndipo watu hukosea. Pengo lililo kwenye ukingo wa chini haliko mahali pamoja, na umeme unaopita kwenye pini si uleule. RAM isipoingia kwa mkono wenye nguvu ya kawaida, usiilazimishe. Aidha umeigeuza kushoto kulia, au si ya kizazi hicho. Hakuna kizazi kinachokubali RAM ya kizazi kingine, na hakuna mpangilio wa BIOS utakaolibadili hilo.

Kwa Intel Core, kizazi cha 2, 3 na 4 ni DDR3. Cha 6 na 7 kinaweza kutumia DDR3L au DDR4 kulingana na ubao, ingawa bao nyingi za mezani ni DDR4. Cha 8 hadi 11 kwenye kompyuta za mezani ni DDR4. Cha 12, 13 na 14 ndicho chenye mtego: prosesa yenyewe inakubali DDR4 na DDR5, lakini karibu kila ubao una aina moja tu ya sloti. Jina la prosesa halitakuambia kitu. Tazama jina la ubao. Za DDR4 mara nyingi zimeongezewa "D4" au "DDR4" mwishoni. Kuanzia Core Ultra 200S za mezani ni DDR5 peke yake. Kwa AMD mambo ni mepesi: soketi ya AM4 ni DDR4 siku zote, AM5 ni DDR5 siku zote, na AM3+ ni DDR3.

Je, ubadili ubao mama ili tu uhamie DDR5? Hapana. Ukibadili ubao unabadili RAM yote, na mara nyingi prosesa pia. Fedha hiyohiyo ukiiweka kwenye ujazo zaidi wa DDR4, utaiona faida yake kila siku. Kuhamia DDR5 kuna maana pale tu unapokuwa unanunua prosesa mpya hata hivyo.

## DIMM au SO-DIMM

DIMM ina urefu wa takriban sentimita 13, SO-DIMM takriban 7. Kosa la kawaida ni kudhani kila kompyuta ya mezani hutumia ile ndefu. Zile ndogo sana za ofisini, zinazofungwa nyuma ya skrini, na nyingi kati ya zile ambazo kompyuta na skrini ni kitu kimoja, hutumia SO-DIMM za laptopu. Kuna vibao vya kugeuza umbo moja kuwa jingine. Usivitumie: vinarefusha nyaya ambazo ishara zake zimepimwa kwa milimita, na kwa kasi za DDR4 na DDR5 matokeo yake ni kompyuta inayoganda bila sababu inayoonekana.

Laptopu nyingi nyembamba hutumia LPDDR (memori ya kutumia umeme kidogo) iliyochomelewa, nayo haiongezwi. Nyingine zina kiasi kilichochomelewa pamoja na sloti moja tupu. Hapo lenga kulinganisha: kama kilichochomelewa ni 8 GB, kipande cha 8 GB kwenye sloti kinakupa njia mbili kamili za kufikia memori, tutakazozieleza mbele.

## DDR3 na DDR3L: herufi moja inayozuia mashine kuwaka

DDR3 ya kawaida inahitaji volti 1.5. DDR3L imetengenezwa kwa volti 1.35, na inavumilia 1.5 vilevile. Kwa hiyo DDR3L inaingia karibu kila mahali penye DDR3, lakini DDR3 haiingii kila mahali penye DDR3L. Laptopu za Intel kizazi cha 4, na bao nyingi za kizazi cha 6 zinazotumia DDR3L, hutoa volti 1.35. Ukiweka kipande cha 1.5 humo, kinaenea vizuri, pengo linakaa sawasawa, halafu skrini inabaki nyeusi. Mtu husema RAM ni mbovu na kuirudisha, kumbe ni nzima kabisa.

Kama huna uhakika, nunua DDR3L. Karatasi iandike PC3L, L isikosekane. Epuka pia DDR3 za zamani zilizotangazwa kwa wacheza michezo zenye volti 1.65: bao za Intel za kizazi cha 2 hadi cha 4 hazikukusudiwa kubeba volti hizo mfululizo.

## Chipu zilizomo: sababu ya RAM "nzima" kukataliwa

Hapa ndipo penye malalamiko mengi na maelezo machache, hasa kwa wenye mashine za DDR3.

Kidhibiti cha memori kina ukomo wa ukubwa wa chipu moja kinayoweza kuisoma. Intel kizazi cha 2 hadi cha 4 husoma chipu hadi gigabiti 4, yaani nusu gigabaiti kila moja. Zidisha kwa chipu 16, nane kila upande, upate 8 GB. Huo ndio mwisho wa kipande kimoja. Kipande cha DDR3 cha 16 GB chenye chipu za gigabiti 8 hakitafanya kazi humo, hata kama ubao una sloti nne na umeandikwa unabeba 32 GB. 32 hiyo ni nne mara nane, haipatikani kwa vipande viwili.

Bao za zamani zaidi, zile za chipseti (chipu ya usimamizi ya ubao) ya G41 kwa mfano, huishia chini ya hapo. Kipande cha 4 GB chenye chipu 16 kinakubali, kipande cha 4 GB chenye chipu 8 za gigabiti 4 kwa kawaida kinakataliwa au kinaonekana kama 2 GB. Ujazo uleule, kasi ileile, volti zilezile. Tofauti ni hesabu ya chipu, na unaiona kwa macho. Kwa mashine kuukuu, kanuni ni kuchagua kipande chenye chipu pande zote mbili.

Kisha kuna RAM za bei ya chini zinazoandikwa kwamba ni za AMD tu. Si mbinu ya matangazo. Zimeundwa kwa chipu za upana wa x4, ambazo vidhibiti vya Intel vya nyumbani havizisomi. Vinataka x8 au x16. Ukiwa na Intel, usijaribu bahati. Ukiwa na AMD ya AM3 huenda zikaenda, ila siku ukibadili mashine hutaweza kuzihamisha.

RAM za seva zilizotumika nazo huvutia kwa sababu ni nyingi na bei yake iko chini. RDIMM (ile ya herufi R) ya DDR4 inaingia kwenye sloti ya kompyuta ya nyumbani bila shida yoyote, pengo liko palepale, lakini kompyuta haitawaka, maana rejista iliyo katikati ya kipande inahitaji kidhibiti kinachoielewa. Kwenye DDR5 watengenezaji walihamisha pengo, kwa hiyo angalau RDIMM haiingii kabisa. Zile za herufi E, zenye kusahihisha makosa lakini bila rejista, ni jambo jingine: bao nyingi za nyumbani huwaka nazo, ila usahihishaji wenyewe hufanya kazi pale tu prosesa na ubao vinapouunga mkono. Na ule usahihishaji unaotajwa kwenye kila DDR5 unafanyika ndani ya chipu peke yake, haulindi data ikiwa njiani kwenda kwenye prosesa. Asikuuzie mtu DDR5 ya kawaida kwa jina la RAM ya kusahihisha makosa.

## Kipande kimoja au viwili

Prosesa za nyumbani zina njia mbili za kufikia memori. Kipande kimoja cha DDR4 cha kasi 3200 hupitisha gigabaiti 25.6 kwa sekunde. Viwili, kila kimoja kwenye njia yake, hupitisha 51.2. Kwa kuandika na kusoma barua pepe hutaona tofauti. Kwa kompyuta isiyo na kadi ya michoro, inayotegemea michoro iliyomo ndani ya prosesa, utaona mara moja, kwa kuwa michoro hiyo inakula kutoka kwenye RAM hiyohiyo. Mwenye mashine ya namna hiyo asinunue kipande kimoja cha 16 GB wakati viwili vya 8 GB vinapatikana.

Hoja ya upande wa pili ina uzito wake: kipande kimoja kikubwa kinaacha sloti wazi ya baadaye. Kwenye ubao wa sloti mbili, vipande viwili vya 8 vinamaanisha kwamba siku ukitaka 32 utavitoa vyote. Msimamo wetu ni huu: kama unajua utaongeza ndani ya miezi michache, anza na kimoja kikubwa na uandike namba yake ya bidhaa mahali salama. Kama "baadaye" haina tarehe, nunua viwili leo.

Kwa DDR5 kuna jambo la ziada. Kipande cha 8 GB cha DDR5 kimeundwa kwa chipu nne pana za x16, zenye makundi machache ya benki (vyumba vya ndani vya chipu vya kuhifadhia data) kuliko chipu za x8, hivyo hufanya kazi taratibu kuliko kipande cha 16 GB cha kasi ileile. Viwili vya 8 ni chaguo dhaifu. Anzia viwili vya 16.

## Kuongeza kwenye kilichopo, au kutoa na kuweka jozi mpya

Una 8 GB, sloti moja tupu. Uongeze nyingine ya 8, au utoe na kuweka jozi ya vipande viwili?

Ukiongeza, vipande vyote vitashuka hadi kasi ya kilicho taratibu. Ukichanganya 2400 na 3200, vyote viwili vitakwenda 2400. Ukichanganya ujazo, 8 na 4 kwa mfano, Intel na AMD hutumia njia mbili kwa sehemu inayolingana, yaani 4 na 4, na GB 4 zilizobaki huenda kwa njia moja. Bado ni bora kuliko kubaki na 8 peke yake. Kampuni tofauti si tatizo kama kasi ni za kiwango cha JEDEC: 1600 kwa DDR3, 2400 au 2666 au 3200 ya CL22 kwa DDR4. Vipande viwili vya kampuni mbili, vyote PC4-3200AA, huelewana karibu kila mara.

Mambo huharibika pale unapotaka kasi ya XMP. Kipande cha 3600 CL18 ulichonunua mwaka juzi na kingine cha jina lilelile ulichonunua leo vinaweza kuwa na chipu za watengenezaji tofauti ndani. Namba ya bidhaa haikuahidi chipu, ilikuahidi kasi na volti. Kila kimoja kikiwa peke yake kinafika 3600. Viwili kwa pamoja vinakataa, au vinakubali kisha kompyuta inaanguka baada ya saa mbili. Ndiyo maana vipande vya kasi kubwa huuzwa kwa jozi zilizopimwa pamoja kiwandani.

Kwa hiyo: DDR3, ongeza bila wasiwasi mradi volti na chipu zinafaa. DDR4 ya kasi ya kiwango, ongeza. DDR4 yenye XMP, ongeza ukiwa tayari kushusha kasi. DDR5, toa na uweke jozi.

Kwenye DDR5 sloti nne si baraka hata kidogo. Ryzen 7000 imeidhinishwa kwa kasi 5200 ikiwa na vipande viwili, lakini 3600 ikiwa na vinne. Anayetaka 64 GB kwenye AM5 achukue viwili vya 32, asichukue vinne vya 16 hata kama bei yake ni nafuu. Akishaweka viwili, avisahau vile viwili vingine.

## Ujazo: 8, 16, 32 au zaidi

8 GB inatosha kwa nyaraka, kivinjari chenye vichupo vichache na video. 16 ndiyo kipimo cha kompyuta ya kawaida ya nyumbani leo, michezo ikiwemo. 32 ni ya anayehariri video, anayeendesha mashine pepe, au anayefungua picha kubwa nyingi kwa pamoja. Zaidi ya hapo, mwenye kuhitaji anajua kwa nini.

Usikisie lakini. Fungua kazi zako zote za siku ya kawaida, rudi kwenye ule ukurasa wa Memory, usome "Committed". Namba ya kushoto ni memori iliyoahidiwa kwa programu. Ikipita RAM uliyo nayo, huenda diski inabebeshwa mzigo wa RAM, na ujazo zaidi unaweza kukusaidia. Ikiwa nusu tu, kuongeza hakutabadili kitu. Na kama kompyuta bado inatumia diski ya kuzunguka, weka SSD kwanza. Hakuna RAM itakayofidia diski hiyo.

Mfumo endeshi nao una mipaka. Windows ya biti 32 haivuki 4 GB, na inayotumika kweli huwa pungufu ya hapo. Windows 7 Home Premium ya biti 64 hukoma 16 GB, Home Basic 8 GB. Windows 10 Home ya biti 64 hufika 128, kwa hiyo hapo ubao mama ndio utakaokwamisha kwanza.

## Kasi na CL: sasa ndipo inafaa kuziangalia

CL ni idadi ya mipigo kabla ya data kuanza kutoka. CL ndogo ni nzuri, lakini kwa kasi ileile tu. Ili kulinganisha vipande vya kasi tofauti, zidisha CL kwa 2000 kisha gawa kwa kasi. Jibu ni nanosekunde.

DDR3-1600 CL11 ni 13.75. DDR4-3200 CL22 ni 13.75 vilevile. DDR4-3200 CL16 ni 10. DDR5-4800 CL40 ni 16.7 hivi. DDR5-6000 CL36 ni 12, na DDR5-6000 CL30 ni 10.

Tazama hizo namba kwa makini. DDR5-4800 CL40 inachelewa kuanza kuliko DDR3 ya kawaida, ingawa ikishaanza inamwaga data mara tatu. Ndiyo sababu DDR5 za mwanzo hazikuwashangaza waliotoka kwenye DDR4 nzuri. Ukiwa na AM5, lenga 6000 yenye CL30 hadi 36. Ukiwa na Ryzen 5000 kwenye AM4, 3600 CL16 au CL18 ndipo pazuri, kwa kuwa kwa kasi hiyo kiungo cha ndani cha prosesa na memori vinakwenda sambamba kwa 1800. Ryzen za kwanza kabisa zilichagua sana RAM, kwa hizo kaa kwenye 2666 hadi 3200.

Kwa Intel angalia chipseti kabla ya kulipia kasi. Ubao wa H110, H310 au B360 hauvuki kasi ya memori iliyoidhinishwa kwa prosesa, 2133 hadi 2666 kutegemea kizazi. Kipande cha 3600 humo hakitavuka 2666 maisha yake yote. Chipseti za B zilianza kuruhusu kuongeza kasi ya memori kwenye B560.

Kumbuka pia kwamba RAM iliyoandikwa 3200 CL16 au 6000 CL30 haiwaki kwa kasi hiyo yenyewe. Itawaka kwa 2133, 2400 au 2666 ikiwa DDR4, na kwa 4800 au karibu na hapo ikiwa DDR5, mpaka uingie BIOS na kuwasha XMP, au EXPO kwa AMD. Watu hukaa miaka na kasi waliyoinunua bila kuitumia.

## Kufunga, na kupima

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki ukauke. Kwenye laptopu tenganisha betri. Gusa chuma tupu cha kasha kabla ya kushika RAM, na uishike kwenye kingo, si kwenye pini za dhahabu.

Kwenye ubao wa sloti nne, vipande viwili huwekwa sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Ubao huziandika A2 na B2. Fungua vibanio, linganisha pengo, sukuma ncha zote mbili kwa usawa mpaka zilie. Ncha iliyobaki juu hata milimita moja inatosha kuzuia mashine kuwaka, na hii ni sababu ya kawaida ya skrini nyeusi baada ya kuongeza RAM. Kwenye laptopu ingiza kwa mshazari, kisha bonyeza chini.

Ukiwasha na skrini ikabaki nyeusi, subiri. DDR5 kwenye AM5 hujipima mara ya kwanza, na dakika kadhaa zinaweza kupita bila picha. Ukizima katikati unaianzisha upya. Baada ya dakika kumi na tano bila kitu, toa vyote, acha kimoja kwenye A2. Bado? Futa mipangilio ya BIOS kwa kutoa betri ndogo ya ubao kwa dakika tano, waya wa umeme ukiwa umechomolewa. Kwa RAM ya zamani iliyokaa sana, safisha pini kwa kitambaa kisicho na nyuzi kilicholoweshwa spiriti ya isopropili, uache ikauke.

Ikiwaka, usiishie kutazama kama ujazo umeongezeka. Pakia MemTest86+ kwenye flashi, washia kompyuta humo, uiache mizunguko minne kamili. Kwa 16 GB panga saa kadhaa, bora usiku. Kosa moja tu ni kosa, hakuna kiwango cha makosa kinachovumilika kwenye memori, kwa kuwa kosa hilohilo ndilo litakaloharibu faili unalolihifadhi bila kukupa taarifa. Yakitokea, zima XMP na upime tena. Yakiisha, jozi haiwezi kasi iliyotangazwa kwenye ubao huo: shusha hatua moja, 3600 hadi 3200 kwa mfano, au uirudishe ungali ndani ya muda wa dhamana. Yakibaki, pima kipande kimoja kimoja kwenye sloti ileile. Kinachotoa makosa peke yake ndicho kibovu. Ikiwa kila kipande ni safi kwenye sloti moja na kila kipande kinakosea kwenye nyingine, RAM haina hatia. Kagua sloti kama ina vumbi, na kama pini za soketi ya prosesa zimepinda, kwa sababu njia za memori hupita hapo.